Imogen: jina adimu la kike ambalo huenda lilizaliwa kiwandani kwa mpiga chapa

Kibatari (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Leo nataka tulijadili jina moja tu la kike: Imogen. Linatamkwa I-mo-jen, sauti inapanda kwenye hiyo I ya mwanzo. Ukilitafuta kwenye orodha za majina ya watoto, karibu zote zitakupa jibu lile lile na kwa kujiamini kabisa: asili ni Kikelti, maana ni "binti". Mstari mmoja, umekwisha. Lakini chini ya mstari huo kuna kisa ambacho kwangu ni kitamu kuliko maana yenyewe. Kaeni mkao wa kula.

Jina Imogen kwa tahajia hii limeenea kutokana na tamthilia moja ya Shakespeare iitwayo Cymbeline. Imogen ni binti wa mfalme katika tamthilia hiyo, na yeye ndiye anayeibeba kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ingawa jina la juu ya ukurasa ni la baba yake. Shakespeare alifariki 1616 bila Cymbeline kuchapwa. Ilichapwa mara ya kwanza 1623, kwenye lile juzuu kubwa lililokusanya tamthilia zake 36, ambalo wataalamu huliita Folio ya Kwanza. Cymbeline imewekwa ya mwisho kabisa kitabuni. Hakuna chapa ya zamani zaidi ya kulinganisha nayo. Folio ikisema Imogen, basi ni Imogen.

Tatizo ni kwamba yupo shahidi aliyeiona tamthilia hiyo jukwaani kabla haijachapwa. Anaitwa Simon Forman, mnajimu na mganga wa London, mtu aliyekuwa na tabia ya kuandika karibu kila kitu kilichompitia. Mwaka 1611 alikwenda kutazama maigizo, akarudi akaandika muhtasari wa alichokiona. Daftari lake lipo mpaka leo. Na kila anapomtaja binti wa mfalme hamwiti Imogen. Anamwita Innogen.

Shahidi wa pili ni wa ajabu zaidi. Mwaka 1600 ilichapwa tamthilia nyingine ya Shakespeare, Much Ado About Nothing. Maelekezo ya jukwaani ya mwanzo yanasema anaingia Leonato, gavana wa Messina, pamoja na "Innogen mkewe". Huyu mama haongei neno hata moja tamthilia nzima. Hasalimiwi. Binti yake anadhalilishwa madhabahuni siku ya harusi, mama hata kukohoa hakohoi. Ni mhusika hewa, kama wale wafanyakazi hewa tunaowasikia: jina lipo kwenye orodha, mtu hayupo. Inaelekea Shakespeare alimpanga akaacha kumtumia, na jina likabaki likining'inia. Wahariri wa baadaye walimfuta.

Sasa tazameni hapa. Mume wa Innogen hewa anaitwa Leonato. Mume wa Imogen wa Cymbeline anaitwa Posthumus Leonatus. Leonato na Innogen, Leonatus na... Imogen? Mtunzi ambaye kichwani mwake majina hayo mawili yalikwisha kuoana, halafu mara ya pili ageuze herufi? Hapo ndipo wataalamu walipoanza kunusa.

Na maelezo ya kosa lenyewe ni mepesi mno. Mwandiko wa mkono wa Uingereza wakati ule ulijaa vijiti vifupi vya kwenda chini. Herufi n ni vijiti viwili, m ni vitatu. Zikiwa n mbili mfululizo unapata vijiti vinne vimesimama pamoja, na kama wino umekolea, au karani alikuwa na haraka, jicho linahesabu vitatu. Innogen inakuwa Imogen. Hivyo, kwa mujibu wa wahariri wengi wa siku hizi, maelfu ya wanawake duniani wanaitwa jina lililotokana na mtu aliyekosea kuhesabu vijiti.

Toleo la Oxford la kazi zote za Shakespeare, la 1986, liliamua kumrudishia binti huyo jina la Innogen. Matoleo mengine yamebaki na Imogen. Ugomvi haujaisha.

Nitaendelea na habari ya umaarufu wake, mnipe nafasi.

Zuhura_Alfajiri

Nimeweka kambi. Lakini mkuu, umetuachia njiani. Huyo Innogen mwenyewe katoka wapi? Maana kama Imogen ni kosa, lazima sahihi yake iwe na historia.

Kibatari

Swali zuri. Innogen ni jina la zamani kwenye hekaya za Waingereza kuhusu asili yao. Geoffrey wa Monmouth, aliyeandika kwa Kilatini mnamo 1136 historia ya wafalme wa Britania (nusu historia, nusu paukwa pakawa), anasema mfalme wa kwanza wa kisiwa hicho alikuwa Brutus, kizazi cha Troya. Brutus aliwashinda Wagiriki, akadai binti wa mfalme wao Pandrasus awe mkewe. Binti huyo kwa Geoffrey ni Ignoge. Kuna kipande kizuri pale: merikebu inang'oa nanga, yeye amesimama kwenye shetri akililia nchi yake mpaka anazimia, na Brutus anamkumbatia mpaka usingizi unamchukua.

Kisa hicho kilinakiliwa na kusimuliwa upya kwa karne nyingi, na jina likawa linabadilika kila mkono linapopita. Ignoge, Ignogen, Inogene, Innogen. Mshairi Spenser ana Inogene. Raphael Holinshed, ambaye vitabu vyake vya historia Shakespeare alivisoma kama ghala la visa, ana Innogen. Mfalme Cymbeline naye yumo humo humo kwa Holinshed. Kwa hiyo mtunzi alipotaka jina la binti wa kifalme wa Britania ya kale, lilikuwa kurasa chache tu nyuma.

Ila tusivuke haraka. Jina ambalo lilikwisha kubadilika mara tatu kabla ya Shakespeare, kubadilika mara ya nne si ajabu. Tofauti ni kwamba safari hii lilibadilikia kwenye kitabu ambacho dunia iligoma kukiacha.

Mzee wa Nukta

Mleta mada umeandika vizuri, ila mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia. Folio haijaandika Imogen mara moja. Jina linarudi tena na tena tamthilia nzima, na kila mara ni Imogen. Mpanga herufi anaweza kukosea mara moja, mara mbili, tano. Akosee kila mara bila hata mara moja kupatia? Hiyo si ajali, huo ni uamuzi.

Halafu shahidi wako Forman. Huyu aliandika kwa alichosikia ukumbini, na alikuwa msomi wa mambo ya kale. Innogen mke wa Brutus alikuwa anamjua tayari. Sikio linasikia linachokijua. Mimi nikimsikia mtu akitajwa haraka haraka "Maimuna" na nyumbani nina Maimuna, nitaandika Maimuna hata kama alikuwa Mwamuna.

Kibatari

Mzee, hapo kwenye sikio umenigusa, hoja hiyo wanaitumia hata wanaotetea Imogen.

Lakini kwenye mpanga herufi sikubaliani. Fikiria kazi ilivyokuwa. Kiwanda hakikupokea karatasi za mkono wa Shakespeare mwenyewe. Kwa tamthilia hii wataalamu wanaona walipewa nakala iliyoandikwa upya vizuri na karani. Karani akishaamua ukurasa wa kwanza kuwa jina ni Imogen, ataliandika hivyo mpaka mwisho, kwa sababu haandiki anachokiona tena, anaandika anachokijua. Mpanga herufi anamfuata. Kosa moja, limerudiwa kwa uaminifu. Ndiyo maana uthabiti wa Folio haunishawishi. Mtu anayekosea kwa nidhamu hukosea sawasawa kila mahali.

Na bado Leonato na Innogen wa 1600 hujamjibu.

Mzee wa Nukta

Simjibu kwa sababu hana cha kujibiwa, mama hasemi neno. 😀 Ila nakubali ni ushahidi mzito kuliko Forman.

ChakuVuna

Mimi nimekuja kwa jambo moja dogo. Mnaona mnachokisoma? IMO JEN. Na kuna tahajia nyingine ya Kimarekani, Imogene, wao wanatamka "imo-jini". Yaani mtoto kila akiitwa, mnatangaza kwamba jini imo ndani. Nani ataoa?

Mwalimu Pembeni

Jini LIMO au YUMO. Sarufi kwanza, hofu baadaye.

ChakuVuna

Sawa mwalimu, limo. Lakini limo!

Kibatari

Hahaha. ChakuVuna umeingia utani ila umenisogeza nilikotaka kwenda, maana Imogene yenye e mwishoni ina historia yake pembeni, na ndiyo inayoonyesha kwamba neno "adimu" ni la kupimwa kwa mahali na wakati.

Kwanza, nani aliwavuta wazazi kwenye jina hili? Jibu ni huyo mhusika mwenyewe. Imogen ameolewa kwa siri na Posthumus, mfalme kakasirika, mume kafukuzwa nchini. Kule uhamishoni Posthumus anaingia kwenye dau la kijinga na Iachimo, Mwitaliano anayedai hakuna mke mwaminifu. Iachimo anajificha ndani ya sanduku, sanduku linapelekwa chumbani kwa Imogen usiku, anatoka Imogen akiwa amelala, anamvua bangili, anaona alama ya mwilini chini ya ziwa la kushoto, anarudi kudai ameshinda. Mume anaamini. Anamwandikia mtumishi amuue mkewe! Mtumishi anashindwa, Imogen anavaa mavazi ya kiume na kujiita Fidele, yaani mwaminifu, anaingia porini Wales, anakutana na kaka zake wawili walioibwa wakiwa wachanga bila kujuana nao. Anakunywa dawa, anaonekana amekufa, wanamwimbia wimbo wa maziko ambao ni miongoni mwa mashairi mazuri kabisa ya lugha ile. Anazinduka kando ya kiwiliwili kisicho na kichwa, kimevaa nguo za mumewe, akidhani ndiye. Na baada ya hayo yote, anasamehe.

Mimi binafsi Posthumus nisingemsamehe. Lakini karne ya 19 ilimpenda sana Imogen kwa hilo. Mshairi Swinburne alikifunga kitabu chake cha 1880 kuhusu Shakespeare kwa kumweka Imogen juu ya wanawake wote wa mtunzi huyo. Mshairi Tennyson alipokuwa mahututi mwaka 1892 aliomba aletewe Cymbeline, na nakala ile akazikwa nayo Westminster Abbey. Mwigizaji Ellen Terry alimwigiza 1896 katika ukumbi wa Lyceum. Mtunzi wa tamthilia George Bernard Shaw aliiponda tamthilia hiyo magazetini bila huruma, huku akimwandikia Terry barua ndefu za kumwelekeza jinsi ya kumcheza Imogen. Na mwaka 1937 akaandika upya kitendo cha mwisho, kwa sababu alikiona hakifai. Watu hawa ndio walioutia mji mzima hamu ya jina.

Sambamba na hilo kulikuwa na mkondo wa visa vya kutisha. Matthew Lewis mwaka 1796 alitunga utenzi wa Alonzo na Imogine, bibi harusi anayejiwa karamuni na mzimu wa mchumba aliyemsaliti. Mwaka 1816 Maturin akamweka Imogine kwenye tamthilia yake Bertram, na kutoka hapo mtunzi wa muziki Bellini akapata opera yake ya 1827, Il pirata, yenye Imogene. Kwa hiyo ile jini ya ChakuVuna si ya kuchekwa sana, tahajia hiyo imeingia mjini ikiwa imeshikana mkono na mizimu.

ChakuVuna

NILISEMA MIMI.

Takwimu_Tu

Niongeze upande wa namba maana ndio fani yangu.

Marekani wana takwimu za majina zilizotolewa na mamlaka yao ya hifadhi ya jamii, zinaanzia watoto wa 1880. Kule jina lililotamba ni Imogene, si Imogen. Lilipanda mpaka miaka ya 1920 na 1930, kisha likaporomoka, na kufikia miaka ya 1960 lilikuwa limetoka kwenye majina 1000 ya juu. Ndiyo maana mchekeshaji wa televisheni Imogene Coca, aliyezaliwa 1908, jina lake halikuwa la ajabu kwa watu wa rika lake, lakini kwa mjukuu wake lingekuwa jina la bibi.

Uingereza na Wales ni kinyume. Imogene hakuna habari nayo, Imogen ndiyo iliyopanda, na ilichelewa. Imekuwa ndani ya majina 100 bora ya wasichana kwa miaka mingi, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 ilikuwa hata ndani ya 50 bora. Miaka hiyo hiyo, ng'ambo ya Atlantiki, Imogen haikuwemo hata kwenye 1000 bora za Marekani. Lugha moja, jina moja, na mtoto mmoja akipandishwa ndege tu anageuka kutoka msichana ambaye darasani ana mwenzake wa jina hilo hadi msichana ambaye kila mtu anamwomba alirudie. Australia na New Zealand zinaegemea upande wa Uingereza.

Na kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: hata majina "maarufu" siku hizi si maarufu kama ya zamani. Mwaka 1947 Linda peke yake alichukua zaidi ya asilimia 5 ya wasichana wote waliozaliwa Marekani. Miaka hii, jina linaloshika namba moja halifikishi hata asilimia 2. Wazazi wametawanyika. Kwa hiyo mtu akikwambia jina fulani ni la 40 bora usiogope kama vile utakutana nalo kila kona.

Tahadhari nyingine: ofisi hizi hazichapishi majina yaliyopewa watoto wachache mno. Marekani chini ya 5 halitoki, Uingereza na Wales chini ya 3. Jina kukosekana kwenye orodha hakumaanishi hakuna mtoto aliyepewa.

Zuhura_Alfajiri

Takwimu_Tu asante, hiyo ya ndege imenichekesha. Kwa hiyo swali la "ni jina adimu?" jibu lake ni "uko wapi?"

Takwimu_Tu

Na "una miaka mingapi?"

Mama Mtarajiwa

Nisome tu au niulize? Naulizia maana. Mimi jina nalipenda kwa mlio wake, ila nikimwambia mume wangu kwamba ni kosa la uchapaji atalikataa pale pale. Hiyo ya "binti" ni kweli au ni ya kutupoza?

Kibatari

Uliza dada, uzi ni wako.

Maelezo ya "binti" yanatokana na kulifananisha Innogen na neno la Kigaeli, inghean, ambalo kweli lina maana ya binti au msichana. Kufanana kupo. Ila kumbuka jina lilikotufikia: kwenye kitabu cha Kilatini cha karne ya 12, kwa binti wa Kigiriki wa kubuni, likiwa limeandikwa Ignoge. Kutoka pale hadi Kigaeli kuna daraja ambalo hakuna aliyeliona likijengwa. Ni dhana yenye mantiki, basi. Utakutana pia na wanaolihusisha na Kilatini, mara taswira, mara asiye na hatia. Hiyo ya pili inapendwa kwa sababu inamfaa mhusika: Innogen, mwanamke aliyesingiziwa. Inawezekana kabisa Shakespeare aliisikia hiyo sauti ndani ya jina, alikuwa mtu wa kucheza na majina. Posthumus naye anaitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa baba akiwa ameshakufa. Lakini kuisikia sauti si sawa na kusema ndiyo asili.

Kwa hiyo kwa mumeo ningesema: Imogen maana yake ni Imogen. Ni yule mwanamke wa kwenye tamthilia. Wazazi wengi waliolichagua walimchagua yeye, hawakuchagua kamusi. Mpiga picha Imogen Cunningham alizaliwa Portland, Oregon mwaka 1883 kwa baba mpenda vitabu ambaye alilitoa jina kwenye Cymbeline. Alipiga picha mpaka miaka yake ya tisini, ile ya ua la magnolia ya 1925 bado inaning'inia kwenye makumbusho. Muda mfupi tu wa historia, mtu mmoja, na tayari jina lina kitu cha kubeba zaidi ya "binti".

Dada wa Maktaba

Na msimsahau Imogen Holst, tafadhali. Alizaliwa 1907, binti wa mtunzi wa muziki Gustav Holst. Watu humjua kama "binti wa", wakati yeye mwenyewe alikuwa mtunzi, kondakta na mwalimu. Kuanzia 1952 alikuwa msaidizi wa mtunzi wa muziki Benjamin Britten, akaingia kwenye uongozi wa kisanii wa tamasha la muziki la Aldeburgh 1956, akadumu nao mpaka 1977. Amezikwa pale Aldeburgh, karibu na kaburi la Britten. Jamaa zake walimwita Imo tu. Wa sasa hivi wengi wanaitwa Immy.

Wa muziki wapo wengi kwa namna ya kushangaza: Imogen Cooper wa piano, na mwimbaji Imogen Heap.

Sindano Butu

Wakuu mimi nina swali la kizushi. Kama majina yanaweza kubuniwa na watunzi, yapo mengine ya namna hii ambayo tunayatumia bila kujua?

Dada wa Maktaba

Tele. Vanessa alibuniwa na Jonathan Swift kwa ajili ya rafiki yake Esther Vanhomrigh: akachukua Van ya ukoo, akaongeza Essa ya kumbembeleza Esther. Shairi likachapwa 1726, karne iliyofuata mtaalamu wa wadudu akalipa jina hilo kundi zima la vipepeo, na leo watu wanadhani asili yake ni kipepeo. Pamela kalibuni Philip Sidney mwishoni mwa karne ya 16. Miranda ni wa Shakespeare mwenyewe. Jessica kwa tahajia tunayoijua inaonekana mara ya kwanza kwenye tamthilia yake ya mfanyabiashara wa Venice, na miaka ya 1980 na 1990 lilikuwa likishika namba moja Marekani! Wendy lilikuwepo kidogo sana mpaka tamthilia ya Peter Pan ya 1904 ilipolisukuma.

Imogen yuko tofauti na hao kwa kitu kimoja. Hao wengine mtunzi alikusudia. Kama Kibatari yuko sahihi, Imogen hakuna aliyemkusudia.

Mzee wa Nukta

Kama yuko sahihi. Hilo "kama" liandikwe kwa wino mzito.

Na nyongeza kwa Dada: miezi ya sayari ya Uranus imepewa majina ya wahusika wa Shakespeare na wachache wa mshairi Alexander Pope. Wamo Miranda, Juliet, Portia, Rosalind, Desdemona, Cordelia, Ophelia, Perdita, mpaka Stephano mlevi ana mwezi wake. Imogen hayumo. Mwanamke aliyekuwa kipenzi cha karne nzima ya 19 kakosa hata kajiwe.

Takwimu_Tu

Kakosa mwezi ila kapata dhoruba. Msimu wa 2015/16 idara za hali ya hewa za Uingereza na Ireland zilianza kuzipa dhoruba majina kwa mpangilio wa alfabeti. Ya I ilikuwa Imogen, ikapiga kusini mwa Uingereza tarehe 8 Februari 2016. Upepo ulipimwa maili 96 kwa saa kwenye kisiwa cha Wight. Kwa wenye jina hilo lilikuwa juma la kutaniwa.

Dada wa Maktaba

Mwaka huo huo wa 2016 ndio ugomvi wa Kibatari na Mzee ulipanda jukwaani, sijui kama mnalijua hili. Kampuni ya Royal Shakespeare iliigiza Cymbeline na binti akaitwa Innogen. Ukumbi wa Globe wa London nao ukaigiza tamthilia ile ile, wakaona jina la mfalme halistahili kuwa juu, wakaibadilisha kichwa na kuiita Imogen. Nchi moja, mwaka mmoja, mhusika mmoja, majina mawili. Mtazamaji aliyeziona zote mbili alirudi nyumbani akiwa na hiari yake.

Kibatari

Hilo la Globe ndilo ninalolipenda kuliko yote. Miaka 400 anaibeba tamthilia yenye jina la baba yake, na siku anapewa kichwa cha habari anapewa kwa jina ambalo nusu ya wahariri wanasema si lake.

Mama Mtarajiwa

Nimewasoma wote. Mume ameona dhoruba akacheka, sasa anataka tuandike Innogen kabisa, anasema kama tunaita tuite lililo sahihi. Mnashaurije?

Mzee wa Nukta

Imogen. Folio imesema.

Kibatari

Mimi ndiye mtetezi wa Innogen hapa jukwaani, lakini mtoto si toleo la kitaaluma. Ukiandika Innogen, kila karani atakayemwandikisha atadhani umekosea na atakusahihisha kuwa Imogen, kisha utatumia miaka ukisahihisha masahihisho. Sauti uliyosema unaipenda ni ya m, ile midomo inavyofunga katikati ya neno. Innogen haina hiyo. Andika Imogen, bila e mwishoni.

ChakuVuna

Bila e, ndiyo. Limo lisimo.

Mwalimu Pembeni

"Liwemo lisiwemo." Tuendelee.